Kalamu Isiyojaribiwa

Kila jioni mama alivua viatu mlangoni, miguu imemvimba, akauliza, "Profesa, umekula?" Alikuwa muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Binti yake aliitwa Profesa kwa sababu alikuwa kwenye kikundi cha kompyuta shuleni, na nyumbani hakuna aliyechoka kumwita hivyo.

Siku moja wauguzi waliambiwa kila mtu anunue kompyuta, taarifa ziandikwe palepale kwa mgonjwa.

"Nataka ile inayokunjika, niandike kwa kalamu juu ya kioo nikiwa nimesimama," mama alisema. "Mimi sizijui hizo, mwanangu. Nichagulie wewe."

Dukani, Profesa alipenda moja kubwa, inang'aa. Ilikunjika vizuri.

"Jaribu na kalamu kwanza, ziko pale," muuzaji alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Profesa hakujua kalamu hujaribiwaje. Aliona aibu kuuliza mbele ya mama.

"Nimeshajaribu," alisema. "Inateleza kama sabuni!"

"Mnaona kichwa hicho?" mama aliwaambia wateja, akicheka. "Hakikutoka kwa baba yake!"

Kazini, kioo hakikupokea kalamu; haikuacha hata nukta. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito kama tofali. Mama aliiweka kwenye madirisha na vitanda vya watu, akibonyeza kwa kidole kimoja huku wagonjwa wakimsubiri. Taarifa zilichelewa, zikachelewa tena. Mwishowe msimamizi alimwambia, "Zikichelewa wiki hii pia, Jumatatu usije."

Jioni hiyo mama hakuuliza nani amekula. Alikaa ukingoni mwa kitanda, sare mwilini.

"Kalamu za wenzangu zinaandika, yangu inakataa," alisema taratibu. "Nimekuwa mjinga. Kitu anachokiweza mtoto, mimi kinanishinda. Tutakula nini?"

Profesa alisimama mlangoni. Mama alikuwa anajilaumu bure.

"Mama, si wewe. Sikuijaribu kalamu. Nilidanganya."

Mama alimtazama, akageukia ukutani. Heri angemgombeza.

Kesho yake walirudi dukani.

"Imeshatumika, mama," muuzaji alisema. "Labda nikubadilishie na ile ndogo iliyochubuka."

Mama hakutazama michubuko. Alimketisha Profesa kwenye stuli kama mgonjwa, akaikunja ile ndogo, akailaza mkononi, akashika kalamu.

"Unaumwa wapi?"

"Moyoni," Profesa alijibu, machozi yakimtoka.

Mama aliandika. Neno likatokea kwenye kioo, zima, bila kukatika. Wiki hiyo taarifa zote zilifika mapema, na Jumatatu mama akaenda kazini.

Lakini siku ile pale dukani hakutabasamu. Alifunga kompyuta, akamfuta binti yake machozi kwa kiganja.

"Ukiniambia hujui, nitamwuliza mwingine," alisema. "Ukiniambia unajua, mwanangu, siulizi tena."