Maji ya Igawa

Soko la Mbeya lilikuwa limefurika watu na magunia ya viazi siku ile gari jekundu lisilo na paa lilipozimika mbele ya baraza aliloshonea Ikupa. Mvuke ulifoka kwenye boneti, wanunuzi wakatawanyika. Ikupa hakuondoka kwenye cherehani yake. Alivaa gauni la maua ya manjano, na pindo la mteja lilikuwa bado chini ya sindano.

Kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu akaruka chini.

"Dada, naomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya huyu mlevi." Akaonyesha gari.

Ikupa akamletea debe. Kijana akachota kikombe cha kwanza, akampa bibi muuza viazi aliyeshtuka hata akaketi chini. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Umeomba maji ili uyatazame?"

"Nikifungua rejeta sasa hivi, utanishonea uso mpya."

Ikupa akacheka. Jina la kijana lilikuwa Anyitike, fundi wa gereji ya Bwana Edmund, Mhindi wa Goa. Mvuke ulipopungua akamwonyesha pampu waliyoifunga kwenye injini, na bomba nene lililopita nje ubavuni.

"Hii inaisukuma hewa kwa nguvu. Injini ikila hewa nyingi, inakimbia kama inafukuzwa. Lakini hewa ikibanwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Injini inajaza mdomo, tumbo halishibi. Mlimani nguvu zinakwisha."

"Basi lipoze bomba."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa gunia bichi. Maziwa tunayapozaje?"

Anyitike akapima urefu wa bomba kwa macho. "Njoo gereji kesho," alisema. "Lete gunia."

Ikupa akaenda. Gunia lilifanya kazi, kwa kadiri lilivyobaki bichi. Naye Anyitike akawa haishi kupita barazani, leo kifungo, kesho mfuko uliochanika, mpaka wateja wakamwuliza kama ovaroli ile inaliwa na panya. Mavuno yalipokwisha, baba yake, mzee Andendekisye, akapeleka ng'ombe wa mahari Rungwe kwa kina Ikupa.

Tangu siku ile Ikupa alibanwa na desturi ya Wanyakyusa: mchumba asionane na baba mkwe, asimtaje jina, wakikutana njiani ajifiche.

Mwaka ule wa hamsini na sita chama cha wenye magari kilitangaza mbio, Mbeya hadi Iringa siku ya kwanza, na kurudi siku ya pili. Edmund alijiandikisha, akamkabidhi Anyitike usukani, yeye akae kiti cha pili. Mwenyekiti wa chama, mkulima Mzungu mwenye gari jipya, alicheka hadharani.

"Edmund, huyo mvulana wako atafika Inyala akiwa anasukuma."

Anyitike aliendelea kukaza nati. Jioni alimwambia Ikupa, "Igawa, darajani, kuna joto kuliko kote, halafu mlima wa Makambako unaanza. Nikipata maji ya mto na magunia mabichi pale, sisukumi gari la mtu. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Hata waje simba?"

"Simba watanisaidia kubeba debe."

Alikwenda na lori la mpunga, akajaza madebe, akaloweka magunia, akafunga kitambaa chake cheupe kichwani. Vumbi jekundu lilipoonekana mbali, moyo ulimwenda mbio. Hapo ndipo lori jingine liliposimama, na mzee Andendekisye akashuka na fimbo yake, amekuja kumtazama mwanawe. Akasimama pale pale penye madebe.

Ikupa alijitupa kwenye matete, akajificha. Hakufikiri hata kidogo.

Alimsikia Anyitike akifunga breki, akiita, "Ikupa! Ikupa!" Kwa vumbi Anyitike hakumwona baba yake wala madebe, na mzee hakujua madebe ni ya nani. Mwenyekiti akapita akipiga honi. Anyitike akaondoka na injini inayochemka, na mlio wake ukawa mzito, ukazidi kuwa mzito kadiri gari lilivyopanda mlima.

Jioni, Kalinga, karani wa chama aliyekuwa pale Igawa kutoa kwa simu saa ya kila gari kupita, alimkuta Ikupa analia.  Alizungusha mkono wa simu, akaomba Iringa wamwite Anyitike, akampa.

"Mpenzi, ni mimi."

"Nimefika wa mwisho, Ikupa. Bwana Edmund joto limemlaza kitandani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Kulikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

Mzee alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha, akingoja magari yarudi. "Siwezi kumtaja."

"Mwanaume?"

"Mwanaume, lakini..."

"Basi mkae salama. Ng'ombe watarudi." Simu ikakatwa.

Ikupa alibaki ameishika. Hasira ikaja mahali pa machozi. Alikuwa ameheshimu, na heshima ile ilikuwa inamnyang'anya mume.

Asubuhi Iringa watu wa chama walimwambia Anyitike ajitoe, mwenye gari hayupo. "Mwenye gari kanipa ufunguo," alijibu, akaondoka peke yake.

Igawa hakukusudia kusimama. Lakini katikati ya daraja alisimama msichana mwenye gauni la manjano, debe kichwani, na mita chache nyuma yake, mzee Andendekisye.

"Toka, Ikupa!"

"Nikanyage!"

"Mtu wako yuko wapi?"

Ikupa hakugeuka. Alinyoosha kidole nyuma ya bega lake. "Huyo hapo. Jana nilijificha kama nilivyofunzwa. Leo sijifichi. Mwenye kuchukua ng'ombe wake achukue, gari hili litapoa kwanza."

Anyitike akamwona baba yake, akazima injini.

 Mzee akawapa mgongo, akavuta koti lake kuukuu mpaka likafunika kichwa, akauambia mto, "Mimi sioni mtu. Mwenye maji amwage, gari linangoja."

Walingoja rejeta itulie, wakajaza, wakafunga magunia kwenye bomba. 

"Ikupa wangu, nisamehe."

"Baadaye. Sogeza hiyo mikono yako mirefu." Akapanda kiti cha pili, debe moja mapajani na mengine miguuni.

"Chama hakitakubali!"

"Kilikukubali wewe?"

Mlima wa Inyala wakaupanda saa ya jua kali. Kila gunia lilipoanza kukauka, Ikupa aliinama nje akalimwagia, na injini ikavuta pumzi, ikaimba. Kwenye kona ya juu walimkuta mwenyekiti, boneti wazi, uso mwekundu. Ikupa akampungia kikombe.

"Tukuachie maji, bwana?"

Na kweli, wakamwachia debe moja kando ya barabara.

Waliingia Mbeya wa pili. Msimamizi akamtazama Ikupa aliyelowa chapachapa. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Mke wangu," alisema Anyitike.

"Bado," alisema Ikupa. "Hajaniomba vizuri."

Anyitike akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya chama kizima, akaomba vizuri.

Siku ya harusi, alfajiri, Ikupa alifungua mlango akakuta debe la maji ya mto, limefunikwa gunia safi. Mbali njiani mzee mmoja mwenye koti kuukuu alikuwa anakwenda zake bila kugeuka.

"Ndaga fijo, baba," Ikupa alimshukuru kwa sauti, asikie.