Udongo Uliooshwa kwa Kalamu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Akech alijaza ndoo kwenye mfereji wa ua na kumwagilia magunia manne ya sukuma wiki yaliyosimama nyuma ya nyumba yao, Makadara. Magunia hayo yalikuwa ya mama yake, Phelister. Udongo wake ulikuwa mweusi, mlaini na wenye mbolea tele ya kuku, na sukuma zake zilikuwa na majani mapana hivi kwamba majirani waliziagiza mapema. Akimaliza kumwagilia, Akech alinawa mikono, akanywa chai na kushika njia ya shule.

Mwaka huo alikuwa Gredi ya Saba. Kitu kilichomfanya atembee haraka kilikuwa tangi la kioo lililowekwa juu ya meza katika chumba cha sayansi. Mwalimu Mwelu, aliyewafundisha sayansi, alikuwa amepewa tangi hilo na rafiki yake aliyehama mjini. Alikuwa ameahidi Chama cha Sayansi kwamba wangepanda mimea ya majini ndani yake na kufuga samaki. Samaki wenyewe walikuwepo tayari. Walikuwa kumi na wawili, wadogo, wenye mikia ya rangi ya machungwa, na wote walikuwa wa Shiru, rafiki mkubwa wa Akech. Shiru alikuwa amewalea katika beseni nyumbani kwao Donholm tangu walipozaliwa.

"Kabla ya maji na kabla ya samaki, tuamue chini ya tangi tutaweka nini," Mwalimu Mwelu alisema siku ya mkutano wa kwanza. "Nani ana wazo?"

"Changarawe za rangi," Austine alijibu upesi. "Zinang'ara, Mwalimu."

"Zinang'ara kweli. Lakini mizizi itakula nini humo?"

Austine alikuna kichwa. Msichana mmoja akapendekeza mchanga.

"Mchanga ni msafi, lakini nao hauna chakula," Mwalimu alisema. "Tutaweka udongo wa kawaida chini, unene wa vidole viwili. Juu yake tutautandika mchanga, ili udongo usipande na kuchafua maji. Lakini nisikilizeni vizuri. Si udongo wowote tu. Nataka udongo usiowahi kutiwa mbolea. Uchekechwe, ulowekwe siku nzima, maji yake yamwagwe, kisha uanikwe mpaka ukauke. Mara tatu. Tukifanya pupa, samaki ndio watakaoumia."

"Mimi nitaushughulikia udongo!" Akech alisema, mkono wake ukiwa juu.

Shiru alichukua kazi ya mchanga. Aliuosha mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akaudondoshea siki, kwa kuwa mchanga wenye chokaa hutoa povu ukikutana na siki, nao ungeyaharibu maji. Haukutoa povu. Akaandika hayo yote katika daftari la chama, pamoja na tarehe.

Akech naye alichota udongo kando ya uwanja wa shule, akaujaza katika ndoo na kuuficha nyuma ya chumba cha sayansi. Siku hiyo wenzake walikuwa wakiruka kamba, akasema ataloweka kesho. Kesho yake kulikuwa na mechi ya mpira wa wavu. Kesho kutwa akasahau. Wiki mbili zilipita, na alipokuja kuitazama ndoo ile siku ya Alhamisi, udongo ulikuwa vilevile, una nyasi na mawe, haujaguswa na tone la maji. Tangi lilikuwa lijazwe Ijumaa.

Jioni hiyo, mama yake alipokwenda dukani, Akech aliinama nyuma ya nyumba na kuchota udongo kutoka kwenye magunia ya sukuma. Ulikuwa mzuri, hauna hata jiwe. Alijiambia kwamba kama sukuma ziliupenda, mimea ya majini ingeupenda zaidi. Kisha akafungua daftari la chama, alilokuwa amelibeba kutoka shuleni, na kuandika: "Udongo umeoshwa mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu." Akaweka tarehe tatu tofauti. Kazi ya wiki mbili aliimaliza kwa dakika mbili.

Tangi lilipojazwa, kila mtu alipiga makofi. Mimea ilisimama wima ndani ya maji. Walingoja wiki moja kama Mwalimu alivyotaka. Majani kadhaa yalilegea na kugeuka manjano, lakini Mwalimu alisema mimea huchoka ikihamishwa. Jumatatu iliyofuata Shiru alileta samaki wake, akawamimina taratibu huku akitabasamu, naye Mwalimu akamkabidhi ufunguo wa chumba ili awalishe.

Jumanne mchana samaki wote walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, kama watu waliokosa hewa. Jumatano asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Majani ya mimea yalikuwa yamelainika kama mboga iliyopikwa kupita kiasi.

Mwalimu Mwelu alifungua daftari na kusoma kwa makini.

"Mchanga ulipimwa. Udongo ulioshwa mara tatu. Basi kilichobaki ni chakula. Shiru, huwa unawapa kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mwalimu. Vilevile ninavyowapa nyumbani."

"Jana alilisha mara mbili," Austine alisema. "Nilimwona."

"Ni kwa sababu hawakuwa wamekula!" Shiru alijibu.

"Chakula kisicholiwa huoza," Mwalimu alisema kwa upole. "Sikugombezi, Shiru. Lakini kwa sasa nipe ufunguo wa chumba hiki. Akech, wewe ulifanya kazi yako kwa uangalifu. Utawatunza wewe, na usiwape chakula kwa siku mbili."

Ufunguo ukawekwa katika kiganja cha Akech. Alitaka kusema. Badala yake aliufumba mkono juu ya ufunguo. Shiru alimtazama rafiki yake, akingoja amtetee hata kwa neno moja. Halikuja. Akageuka na kutoka nje.

Siku ya Alhamisi walikufa watatu zaidi. Akech aliwatoa kwa kijiko na kuwafukia kando ya uwanja, peke yake. Shiru alikula chakula chake cha mchana kwenye ngazi, amewapa wote mgongo. Kuna mtu alipita na kusema, "Ndiye yule aliyewaua samaki." Shiru hakuinua kichwa. Akech alisikia kila neno.

Nyumbani, baba yake, Ochola, ambaye alikuwa fundi wa reli, aliitazama sahani ya Akech iliyojaa.

"Mbona huli, nyakwara?" aliuliza, akimwita "mjukuu wangu" kwa Kijaluo, jina la utani alilomzoesha tangu utotoni.

"Nimeshiba, Baba."

"Mimi nataka kujua nani ameutoa udongo katika magunia yangu," mama yake alisema. "Mizizi imebaki nje. Akech, umeona mtu?"

"Sijaona, Mama."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko ule wa kwanza, na hilo likamwogopesha. Alilala akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya Ijumaa baada ya masomo, aliamua kuyamaliza mambo mwenyewe bila mtu kujua. Ikiwa maji yalikuwa mabaya, angeyabadilisha. Alichota maji ya tangi kwa kikombe mpaka yakafika nusu, akaenda kwenye mfereji na kurudi na ndoo iliyojaa.  Akainua ndoo na kuimimina yote kwa mara moja.

Maji yalianguka kwa kishindo na kuchimba shimo katika mchanga. Udongo mweusi ukapanda kama moshi. Mapovu yakatoka chini, na chumba chote kikanuka mayai viza. Ndani ya giza lile Akech aliona mikia ya rangi ya machungwa ikizunguka ovyo. Samaki mmoja alilala ubavu. Mwingine akazama kichwa chini.

"Hapana, hapana, tafadhali," Akech alisema, akiingiza mkono majini. Walimponyoka. Alijaribu tena, na kila alipojaribu udongo uliongezeka. Hapakuwa na kitu alichojua ambacho kingeweza kusaidia. Aliyewajua samaki wale alikuwa mtu mmoja tu.

Alitoka mbio. Shiru alikuwa darasani, zamu yake ya kufagia.

"Shiru, njoo! Wanakufa wote!"

"Si una ufunguo wewe?" Shiru alijibu bila kuacha ufagio.

"Si wewe uliyewaua. Ni mimi." Akech alishika mlango. "Sikuosha udongo hata mara moja. Niliuchota kwenye magunia ya Mama. Una mbolea ya kuku. Niliandika uongo katika daftari."

Shiru aliukaza ufagio mkononi. Uso wake ulibadilika, na kwa muda Akech alidhani atampiga na ule ufagio. Badala yake Shiru aliutupa chini na kukimbia.

Alipoona tangi alishika kichwa. "Umetia maji ya mfereji moja kwa moja? Yana dawa! Lazima yakae wazi kwanza." Aliangaza macho chumbani. Chini ya meza kulikuwa na ndoo ya maji ambayo Mwalimu Mwelu alikuwa ameyaweka tangu Jumatano. "Lete chujio la chai lile la Mwalimu. Kisha fungua dirisha, nipate mwanga!"

Shiru aliwasaka samaki mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kutibua chini. Watano aliwapata wakiwa hai. Wawili hawakuwa na uhai tena. Aliwaweka watano katika ndoo na kupiga magoti kando yake.

"Nenda kamwite Mwalimu," alisema bila kumtazama Akech. "Na umweleze mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Njia ya kwenda ofisi ya walimu ilikuwa fupi, lakini Akech hakuwahi kutembea njia ngumu kama ile. Alimkuta Mwalimu Mwelu akisahihisha vitabu, akamweleza yote akiwa amesimama, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Mwalimu hakumkatiza. Aliposikia neno "mbolea ya kuku" aliinuka na kwenda naye chumba cha sayansi kwa hatua ndefu.

Alinusa maji ya tangi mara moja tu. "Mbolea imeoza ndani ya maji na kutoa sumu," alisema. "Huwezi kuiona, lakini inawachoma samaki wanapopumua. Ningejua Jumatano, ningewatoa wote siku hiyohiyo." Kisha akamgeukia Shiru. "Nilikulaumu bila haki, tena mbele ya wenzako. Nisamehe. Jumatatu nitasema hivyo mbele yao."

Shiru aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipolia.

Jioni hiyo Akech alikiri kwa mama yake kuhusu magunia. Phelister alikasirika, kisha akasema, "Udongo wangu ni mzuri kwa sukuma. Huko ulikoupeleka ulikuwa sumu. Ungeniuliza ningekwambia." Akampa adhabu ya kupanda upya miche iliyokauka, Jumamosi nzima.

Siku ya Jumatatu Akech alisimama mbele ya chama na kurudia maneno yaleyale. Wengine walinong'ona, Austine akatazama viatu vyake. Akech aliomba apewe kazi ya udongo tena. Wengi walikataa, lakini Mwalimu Mwelu alikubali. Safari hii Akech alichekecha, akaloweka, akamwaga, akaanika. Mara ya pili mvua ilinyesha kabla udongo haujakauka, akaandika hivyo hivyo ilivyokuwa: "Umelowa na mvua. Sikufaulu. Naanza upya." Kazi ilichukua karibu wiki tatu. Kwa muda wote huo samaki watano walikaa kwao Shiru, na Shiru alizungumza na Akech kuhusu samaki tu, wala si kuhusu jambo lingine.

Tangi lilijazwa tena kwa mimea mipya. Wiki mbili baadaye majani mabichi yalikuwa yakichipuka na maji yakiwa angavu. Shiru alileta samaki. Walishuka chini, wakazunguka mimea, wakatulia. Hakuna aliyepanda juu kutafuta hewa. Shiru aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa hapa," alimwambia Akech. "Ukisimama hapo unawazibia mwanga."

Akech akakaa.

Mwalimu Mwelu aliwatazama wanafunzi wake waliokuwa wamelizunguka tangi. "Watoto wangu," alisema, "kuchagua udongo usiofaa ni kosa, na kosa kama hilo hata mimi ninaweza kulifanya. Tungeligundua mapema, tukaokoa samaki wote kumi na wawili. Lakini nilisoma maandishi ya uongo, nikayaamini, nikatafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwepo, na mtu asiye na hatia akabeba lawama. Msifikiri uongo humdanganya tu yule mnayemwogopa. Humfunga macho hata anayetaka kuwasaidia. Siku mtakapokosea, na mtakosea, semeni hivyo mapema, kabla jambo halijaharibika. Inauma, Akech atawaambia. Lakini ni uchungu wa siku moja."