Udongo wa Iya Modina

Alhaja Sidikatu alifunga duka alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa anatafuta chungu.

Chungu cha udongo tu. Kidogo, cha kuchemshia dawa.

Mjukuu wake, Kamaldini, alikuwa na siku kumi duniani, na tatu kati ya hizo alikuwa na homa. Hospitali walimpa dawa, homa ikashuka, usiku ikapanda tena. Ndipo Simbiat, mama wa mtoto, alipomwita Iya Labake, muuza mitishamba. Bibi yule alifungua furushi lake la majani, akatazama jikoni, akalifunga tena.

"Mnachemshia kwenye nini?"

"Kwenye hayo masufuria," Sidikatu alisema.

"Haya ya kutoka nje? Humo sichemshi. Majani haya yanataka udongo. Nitafutieni chungu, nitangoja hapa hapa."

Sidikatu alizunguka soko la Ilorin tangu alasiri. Kila alipouliza, waliangaliana.

"Alhaja, wewe ndiye unauliza chungu?" muuza pilipili mmoja alimwambia. "Kama wewe huna, sisi tutoe wapi?"

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Duka lake lilijaa mpaka darini: mabeseni, ndoo, majagi, masufuria mepesi kama karatasi, kontena baada ya kontena kutoka bandari ya Lagos. Mwaka wa kwanza mali ile ilimdodea. Bei ilikuwa nusu ya bei ya vyungu, lakini watu walizoea maji yaliyopoa mtungini na mchuzi uliotokota kwenye udongo. Walikuja dukani, wakagongagonga mabeseni kwa kucha, wakacheka, kisha wakaenda zao mtaa wa wafinyanzi, kwa Iya Modina, yaani mama Modina.

Bei rahisi haikutosha. Basi siku moja, kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, Sidikatu alimwinamia jirani yake wakati wa kunawa mikono, akanong'ona.

"Unajua ule udongo wake anauchimba wapi? Makaburini."

Hakuongeza neno. Mwezi ule ule mtoto wa mtu alifariki, na ndani ya nyumba ile mlikuwa na mtungi wa Iya Modina. Nyumba gani haikuwa nao? Lakini watu walishapata pa kuanzia. Vijana walikwenda uani kwake na marungu, wakavunja kila kilichokuwepo. Modina, binti yake wa pekee, alihamia Kotonu, ng'ambo ya mpaka, kwa aibu. Wafinyanzi wengine waliogopa, wakaacha kazi mmoja mmoja. Miaka minne baadaye, kila nyumba ilikuwa na mabeseni ya Sidikatu.

Na sasa alikuwa anashuka peke yake kwenye mtaa ule, mtandio umeufunika uso wake mpaka puani.

Kulikuwa kimya. Majivu ya zamani yalikuwa yameshikana na ardhi. Vigae vilivunjika chini ya kandambili zake... kach... kach... Akawa anatafuta pa kukanyaga.

Kisha akasikia.

Pa... pa... pa...

Kibao cha mfinyanzi kikipiga udongo mbichi.

Na harufu ikamfikia. Udongo uliolowa, moshi wa nyasi, na kitu kingine chini yake, kitamu kidogo, kama maua yaliyokaa siku nyingi kwenye maji.

Iya Modina alikuwa ameketi uani, mgongo ameugeuzia mlango. Kiza kilikuwa kinaingia. Mikono ilikuwa inafanya kazi mbele yake, haionekani.

"Iya, salamu za jioni," Sidikatu alisema, akapiga magoti kama mkwe.

Kibao hakikusimama.

"Mjukuu wangu anaumwa. Nataka chungu. Kidogo tu."

Pa... pa...

"Sina udongo," sauti ilisema taratibu. "Kule tulikochimba wamejenga maghala ya mizigo yenu. Nimebaki na ule ulioutaja wewe."

"Mimi sikutaja kitu, Iya," Sidikatu alisema. "Watu ndio walisema."

Kibao kikasimama.

Sidikatu angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa mdomoni, fupi kabisa: ni mimi. Lakini aliwaza duka, akawaza nyuso za sokoni, akalimeza.

"Mimi nilikuwa sijui kuchimba huko," sauti ilisema. "Ninyi ndio mlionifundisha. Chukua. Kiko kando yako."

Kweli kilikuwepo. Chungu cha ukubwa wa kichwa cha mtoto, kando ya goti lake, mahali ambapo alikuwa na hakika hapakuwa na kitu. Alikigusa. Kilikuwa na joto.

Si joto la moto.

Joto la mwili.

Alikifunga kwenye mtandio na kuondoka bila kuaga. Njiani kilikuwa kinazidi uzito. Mara mbili alitaka kukitupa mtaroni. Mara mbili akamkumbuka mtoto.

Iya Labake alikipokea, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Umekipata wapi?"

"Sokoni."

Bibi akachemsha majani, wakamwogesha mtoto, wakamnywesha matone mawili. Kabla ya isha Kamaldini alitoa jasho. Homa ikamwacha. Alinyonya kwa nguvu mpaka Simbiat akalia kwa furaha. Sidikatu alikaa jikoni akikitazama kile chungu. Moto ulikuwa umezimika zamani, lakini ubavu wake ulikuwa bado umelowa, kama kitu kilichotoka mkononi sasa hivi.

Asubuhi alikifunga tena kwenye mtandio na kukirudisha. Alikuwa pia amebeba mchele na nyama, na neno lile alilolimeza. Safari hii angelisema.

Mlango ulifunguliwa na Iya Modina mwenyewe, kwa kiwiko. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Sidikatu alipoona mikono yake akasahau alichokuja kusema.

Vidole vilikuwa vimepinda kila upande. Vingine havikuwa na umbo la vidole.

"Unashangaa nini?" bibi alisema. "Hujui walinivunja mikono siku ile ile ya kuvunja vyungu? Walinipiga kwa kibao changu mwenyewe. Jirani ananilisha. Nenda kamuulize."

"Lakini jana... jana jioni nilikuja, Iya. Ulikuwa unafinyanga."

"Jana jioni nilikuwa kwa jirani, kwenye futari yake ya sunna. Miaka minne sijagusa udongo."

Sidikatu alifungua mtandio kwa haraka, akamwonyesha. Iya Modina hakukisogelea. Alikitazama kwa mbali, kwa jicho la mtu anayeijua kazi.

"Hicho si changu," alisema. "Kigeuze."

Sidikatu akakigeuza. Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba, imezama, kama wafinyanzi wanavyoacha ili kila mmoja ajulikane kwa chake.

"Weka kidole chako."

"Iya..."

"Weka."

Akaweka. Kiliingia sawasawa. Hata lile kovu lake, la siku alipokatwa na ukingo wa sufuria akifungua maboksi, lilikuwa limechorwa mle ndani, ule ule mkato, upande ule ule.

Sidikatu akaanguka kwa magoti. Akalisema lote pale mlangoni: sherehe, kunawa mikono, makaburi. Iya Modina alisikiliza bila kubadilika uso.

"Mimi najua," alisema mwisho. "Nimelijua tangu siku ya kwanza. Unaniambia mimi wa nini? Waambie wao."

"Kwanza twende kwangu. Utakaa kwangu, nitakutunza mimi."

"Kwako nitanywea maji kwenye nini?"

Akausukuma mlango kwa kiwiko, ukafungwa.

Sidikatu alikwenda moja kwa moja sokoni, chungu mkononi, mtandio mabegani, kichwa wazi. Alisimama mbele ya duka lake na kuwaita watu. Alikiri kwamba alisema uongo. Alisema mama yule hakuwahi kuchimba kaburi la mtu, ila yeye alitaka mabeseni yatoke. Alisema kuhusu kibao alichosikia, kuhusu joto, na kuhusu alama. Maneno yalikuwa yanapandana.

Watu walisikiliza kwa utulivu mkubwa. Alipomaliza, Alhaja Nimota, mkuu wa wanawake wa soko, alimshika bega kwa upole.

"Pole, mwenzangu. Ulikwenda kwake lini?"

"Jana. Magharibi."

"Mnaona?" Nimota aliwaambia wengine. "Jana magharibi amekwenda. Leo asubuhi anamtetea."

"Si hivyo. Nisikilizeni. Nilisema uongo mimi, kwa akili zangu."

"Ndivyo mchawi yule anavyosemesha watu," mwanamke mmoja alisema nyuma. "Dada yangu aliwahi kuniambia."

"Na chungu kakipewa," mwingine alisema. "Mtoto mchanga kashanyweshwa."

Sidikatu aliona vijana wa kupakua mizigo, wale wanaomshushia kontena zake, wakitazamana. Mmoja akaweka chini boksi la masufuria. Kisha wa pili. Alijua wanakwenda wapi. Alikimbia mbele yao kuelekea mtaa wa wafinyanzi, pumzi zinamkata, na bado walimpita.

Nyumba ilikuwa tupu.

Mkeka ulikuwa umekunjwa. Jirani aliapa kwamba hakumwona bibi akitoka. Walitafuta kisimani, wakatafuta nyuma ya vichuguu, mpaka jua likachwa. Vijana walichoma nyumba ili wasirudi mikono mitupu. Baada ya wiki mbili Modina alipiga simu kutoka Kotonu, akauliza kama mama yake ni mzima. Hakuna aliyejua la kumjibu.

Kamaldini sasa anatambaa. Ni mtoto mwenye afya, hana tatizo lolote ambalo daktari anaweza kulitaja. Chungu kiko juu ya kabati chumbani kwa Sidikatu, na hakijakauka mpaka leo. Amekianika juani. Amekiweka motoni. Aliwahi kuinua mchi akivunje, Simbiat akamkuta ameganda na mchi hewani, analia, kwa sababu alikuwa ameuhisi ule mchi ukishuka kwenye kidole chake mwenyewe.

Duka linauza kuliko zamani. Kila mteja anayeingia, kabla ya kupokea pesa zake, Sidikatu humshika mkono na kumwambia kwamba ni uongo, kwamba Iya Modina hakuwa mchawi, kwamba aliyesema ni yeye. Wateja humsikiliza mpaka mwisho, maana watu wa Ilorin wana adabu.

"Pole, Alhaja," humjibu kwa huruma. "Mungu atakufungua."

Kisha huchagua beseni na kuondoka.