Mitungi Minne ya Chumba cha Chini

Fundi mkuu wa kituo cha umeme alikutwa amekufa saa tano asubuhi, kifudifudi, kwenye chumba cha chini kilichofungwa kwa nje. Hakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Ngumi tu ndizo zilizochubuka.

"Sumu?" Inspekta aliuliza.

"Sijui," alijibu daktari wa polisi. "Ila kila nikiinama, kichwa kinaniuma."

Inspekta alishika kiuno. Ukutani palisimama mitungi minne ya gesi, na mpira wa mmoja umechomoka. Mtu mzima wa afya amekufaje? Aliwasha kiberiti, akakishusha taratibu. Usawa wa goti, kikazimika. Akawasha kingine. Kikazimika palepale.

"Toka, daktari! Gesi imejaa hapa chini!"

Juu palikuwa na mtambo wa majaribio. Moshi wa tanuri ulipita kwenye utando mwembamba uliolowa maji ya vimeng'enya, protini ambazo kazi yake ilikuwa kunasa kaboni dioksidi. Mita ilionyesha gesi inanaswa vizuri. Lakini maji yenyewe yalinuka kama yai viza.

"Vimeng'enya bado vinafanya kazi?" alimuuliza mtaalamu wa mtambo, mwanamke mwenye koti jeupe.

"Ndiyo, afande."

"Na harufu hii?"

Mwanamke alivuta kola ya koti, akageukia mita.

Inspekta alizidi kuchanganyikiwa. Kama vimeoza, mita inasoma gesi ya wapi? Akalifuata bomba la mita kwa kidole mpaka lilipotoboa sakafu. Liliteremka kwenye ile mitungi.

"Ufunguo wa chini anao nani?"

"Mimi na Mjomba." Ndivyo wote walivyomwita marehemu.

"Wake tumeukuta ofisini. Nani alifunga?"

Mwanamke alikaa chini, sakafuni.

"Vilikufa wiki tatu zilizopita. Joto la moshi. Leo wakaguzi walikuwa wanakuja, miaka sita ya kazi yangu… Nikaunganisha mitungi ya kaboni dioksidi kwenye mita, nikapanda juu; walipofika nikafunga mlango wa chini wasishuke. Sikujua Mjomba yumo."

"Ulijua lini?"

"Alipogonga."

"Hukufungua?"

"Wakaguzi walikuwa wamenizunguka. Wakauliza kelele ya nini. Nikasema pampu." Akafunika uso. "Sikujua mpira umechomoka, afande. Nilidhani atatoka amenikasirikia tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana."

Inspekta alitoa pingu, akabaki amezishika. Alizoea wauaji wenye chuki. Huyu alikuwa analia kama mfiwa, na mfiwa kweli alikuwa.