Kisiki cha Msonobari na Kiti cha Pweza

Kila asubuhi Mama Chaza na mumewe walipiga kasia hadi kwenye chelezo chao, jukwaa la miti linaloelea. Chini yake vilining'inia vikapu vya wavu. Humo walifuga chaza. Miti ya chelezo ilikuwa misonobari ya shamba lao.

Siku hizi vikapu vilitoka na makombe matupu. Viti vya pweza, wanyama wale wenye mikono mitano kama nyota, waliwala chaza.

"Kwaheri, mlafi!" Mume alimpasua mmoja kwa panga, akatupa vipande majini.

"Mbona kadiri unavyowakata ndivyo wanavyozidi?" Mama Chaza aliuliza. Chaza wakiisha, watoto watakula nini?

"Wana ukoo mkubwa. Mimi nawaza chelezo. Kinataka miti mipya, na visiki vyetu bado havijachipua."

Visiki vile vilikuwa na mwaka mzima bila hata jani moja.

Siku ya mapumziko akaja wifi, afisa wa uvuvi. Alimkuta kaka yake panga mkononi. Aliposikia habari za viti vya pweza na visiki, alicheka akashika mbavu.

"Kaka, umegeuza mambo kichwa chini miguu juu! Unamkata anayeota tena, halafu unausubiri usioota!"

"Sema tukuelewe."

"Kiti cha pweza ukimpasua katikati, kila nusu inaweza kuota mikono mipya. Unadhani umeua mmoja, kumbe umepata wawili."

"Na msonobari?"

"Huo kinyume chake. Ukishakata shina, kisiki hakichipui. Lazima upande miche."

Mama Chaza alimgeukia mumewe. "Kumbe tunafuga na wezi wetu!"

"Tena bila malipo," mume alijibu, akikuna kichwa.

"Sasa tufanyeje, wifi?"

"Kagueni vikapu mara kwa mara. Watoeni wakiwa wazima, msiwakate. Wapelekeni nchi kavu, muwafukie mbali na maji. Shambani, pandeni miche mvua zikianza."

Wakafanya hivyo. Panga likabaki nyumbani.

Msimu uliofuata, miche ilikuwa imefika magotini. Baharini, Mama Chaza alishika kamba ya kikapu, akavuta. Kilikuwa kizito, hakikupanda. Akavuta tena, akaanza kucheka.

"Baba watoto, njoo! Hiki peke yangu sikiwezi."