Minyoo Aliowatupa Hadeel

Kila alasiri akitoka shule, Hadeel alikuwa akikaa uani na mama yake, nyumbani kwao mtaani Kibokoni, wakichagua mchele. Chuya kando, mawe kando. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alilijua hilo.

Basi Mwalimu Caroline alipompa beseni la tope ahesabu kila kiumbe aliyemo, mkono ulikwenda kwa mazoea. Tope hilo lilitoka ufuoni mwa hori, mkono wa bahari ulioingia mtaani, pale watoto wa mtaa walipokatazwa kuogelea kwa sababu ya upele. Hadeel alibakisha konokono na kaa wadogo. Minyoo wembamba wekundu, mamia kwa mamia, aliona ni uchafu tu. Akawamwaga.

Mwalimu aliisoma hesabu yake, akatabasamu. "Konokono wapo, kaa wapo, minyoo hakuna! Maji yamepona. Kesho nitawaambia wazazi wawaruhusu watoto."

Darasa zima lilipiga makofi.

"Kwani minyoo wana nini, Mwalimu?" Hadeel aliuliza.

"Wale wekundu hustahimili uchafu unaowashinda wengine. Ukiwaona wamejaa, maji taka yanaingia."

Hadeel alimfikiria Sami, mdogo wake wa miaka sita. Huyo angekuwa wa kwanza kujitosa majini. Aliona haya, tena haya kubwa, lakini hofu iliizidi.

"Niwie radhi, Mwalimu. Minyoo walikuwa wengi sana. Nimewatupa mimi."

Hamdan, jirani yake wa dawati, aliangua kicheko. Mwalimu akamkata jicho, akachukua beseni.

Maji yalipokupwa walirudi horini, wakachota tope jingine. Minyoo walikuwa tele. Wazazi wakaambiwa wasubiri, mafundi wakaitwa, na nyuma ya ukuta wa ufuoni wakakuta bomba la maji taka limepasuka. Lilizibwa wiki ile ile. Baada ya miezi mitano ya kupima na kupima tena, minyoo walipungua, kaa wakaongezeka, na watoto wakaruhusiwa.

Siku hiyo mama yake Hadeel alifika ufuoni. "Shukrani, Mwalimu. Mola akuweke."

"Mshukuru bintiyo, mama. Mimi nilikuwa tayari kuwaruhusu."

Sami alikuwa majini akipiga kelele. Mama alimtazama kwanza, kisha akamshika Hadeel mkono.

"Kukosea hukosea kila mtu, mwanangu. Wewe ulikosea ukasema mapema, hata kosa lisimfikie mdogo wako. Ahsante."

Hadeel alizoea kumshukuru mama yake. Kushukuriwa naye hivyo, mbele za watu, kulimliza.