Meza ya Pembeni

Haya yalimpata rafiki yangu Falonne, mshonaji wa mtaa wa Jeppestown, mwaka 2019, mgao wa umeme ulipopamba moto. Mchana mmoja alipeleka aproni alizoshona kwenye mkahawa wa Kijapani wa chapati nene za kabichi, ambazo hupikwa mbele ya mteja, kwenye bamba la chuma mezani. Ukumbi haukuwa na dirisha.

Mhudumu, Thierry, Mkongo mwenzake, hakumpa hata salamu.

“Weka hapo, uende.”

“Kaka, nina njaa. Ile meza ya pembeni iko tupu.”

“Ile haikaliwi.”

Falonne akakaa. Thierry akammwagia rojo la unga na kabichi bambani kwa hasira, akaondoka.

Mara umeme ukakatika. Gizani Falonne akasikia mwiko ukikwaruza chuma, ukiigeuza chapati yake.

“Acha, Thierry, nitageuza mwenyewe!”

“Eish, mama, niko huku mlangoni,” sauti ikajibu kwa mbali.

Mkwaruzo ukakoma. Kisha kitu kikagandamizwa kwenye bamba la moto, kikaungua, chaaa, kwa muda mrefu, wala hakuna aliyelia.

Umeme uliporudi, ng'ambo ya meza palikuwa na ukuta tu. Katikati ya chapati kulikuwa na alama ya kiganja, imezama hadi chumani, na vidole vyake, kutoka upande wa ukuta, vilimwelekea yeye.